Aliyetangulia Kuleta Farasi

Mwaka Nabalayo alipoolewa Nakuru, ziwa lilikuwa limekauka. Treni ilimteremsha mchana, na kitu cha kwanza alichokiona kule chini ya mji kilikuwa uwanda mweupe, kama mtu amemwaga unga wa nchi nzima, na upepo unauzoa unga huo na kuuleta mpaka stesheni. Watu walipita wamefunika pua kwa vitambaa. Dalmas Ogola, fundi wa injini za reli aliyekuja kumpokea, alijitwika sanduku lake begani na kumwambia, "Funga mdomo, Nabalayo. Hii ni magadi ya ziwa. Ukiimeza utakohoa mpaka Krismasi."

Nabalayo alicheka, akajifunika mdomo kwa leso, akamfuata.

Hakuwa msichana. Alikuwa ameolewa mara moja kwao Bungoma, akakaa kwa mume miaka mingi bila kupata mtoto, mpaka siku mama mkwe alipomfungia nguo zake na kumwekea mlangoni bila kusema neno. Alirudi kwa kaka yake. Masista wa misheni wakamfundisha kushona, naye akaamini kwamba maisha yake yangemalizikia hapo, kwenye mashati ya wanafunzi na vitambaa vya madhabahu. Ndipo mtu wa kwao aliyefanya kazi ya reli alipomletea habari za mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye mtoto mmoja wa kike. Nabalayo alikubali upesi hata kaka yake akashangaa. Na ndani ya treni, njia nzima, si mwanamume aliyekuwa akimfikiria. Alikuwa akimfikiria mtoto.

Mtoto aliitwa Jeruto. Alikuwa na miaka mitano, mwembamba, mwenye macho makubwa yasiyopepesa. Alimkaribisha mgeni vizuri, akainamisha kichwa ili aguswe utosini kama watoto wa kwao mamake wanavyosalimu wakubwa, kisha akarudi kwenye shughuli yake. Shughuli yake ilikuwa kuwa farasi. Alikimbia mbele ya landhi, zile nyumba za reli zilizojipanga mstari mmoja, akipiga vumbi kwa kisigino. Maji aliyanywa kwa kuinamisha uso ndani ya sufuria. Ukutani, upande wa kitanda chake, alikuwa amechora farasi kwa makaa, mmoja juu ya mwingine, mpaka pale mkono wake ulipofika.

"Amemwona farasi wapi?" Nabalayo alimwuliza mumewe.

"Hajamwona," Ogola alijibu. "Ni mambo ya mamake."

Mamake aliitwa Cheptanui. Babake Cheptanui alikuwa saisi huko Njoro, mtunzaji wa farasi wa mzungu mmoja. Aliwasugua, akawalisha, akalala zizini walipougua. Cheptanui alijifunza kutembea kwa kushikilia mguu wa farasi. Alipoolewa na mtu wa reli na kuletwa mjini, kitu pekee alicholilia kilikuwa wale wanyama, na mtoto alipoanza kuelewa maneno akawa anamhadithia habari zao kila jioni. Alimwahidi kwamba atamletea mmoja. Kisha homa ya mapafu ikamchukua kwa juma moja tu, katika msimu ule ule upepo wa magadi ulipoanza kuvuma.

Jeruto hakumlilia mtu. Pia hakumkataa Nabalayo. Alikula alichopikiwa, akavaa alichovishwa, akasema asante. Ila hakumwita kwa jina lolote. Akimtaka, alikuja kusimama mbele yake mpaka aonekane. Jambo hilo lilimchoma Nabalayo kuliko matusi. Akajiambia: nitampa zawadi. Nitampa farasi.

Alikwenda duka la Shabir, karibu na soko, akaomba aonyeshwe kila kitu chenye farasi. Shabir alikuwa mzee mpole aliyependa kuuza polepole. Alimtolea kitambaa chenye picha za farasi wadogo wa buluu, picha ya kutundika ukutani ya farasi akiruka ua, na farasi wa bati, mwekundu, mwenye magurudumu.

"Mtoto wa miaka mingapi, mama?"

"Mitano."

"Kitambaa ataona ni nguo tu. Picha ataangalia siku mbili. Chukua hii ya kuvuta. Mtoto anataka kitu ya kumfuata."

Nabalayo alimgeuzageuza yule wa bati. Alimpenda. Njiani alimficha chini ya leso, akawa anatabasamu peke yake kama mtu aliyeiba.

Alimkuta Jeruto ameketi kizingitini na farasi mkononi. Alikuwa farasi wa nyasi kavu, amesukwa kwa mafundo madogo yaliyobanana, shingo imepinda, mkia umefunguliwa nyuzi moja moja. Ilikuwa kazi ya mtu aliyemjua farasi. Hata namna alivyosimama, mguu mmoja wa nyuma umelegea, Nabalayo ambaye hakuwa amewahi kumkaribia farasi alihisi kwamba ndivyo walivyo.

"Nani amekupa?"

"Mama," Jeruto alisema.

"Mama nani? Mama Peterson?"

Mtoto alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la jua. Akampokea yule wa bati kwa mikono miwili, akasema asante, akamweka dirishani, mgongo wake ukielekea chumbani. Hakumgusa tena.

Mama Peterson, jirani wa mlango wa pili, alikuwa akianika nguo. Nabalayo alimwuliza. Yule mama aliacha shati linaning'inia kwa mkono mmoja.

"Mimi? Mimi sijui kusuka hata ufagio," alisema. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Aliyekuwa akisuka hivyo tulimzika."

Nabalayo aliamua kwamba kuna mtu anamchezea. Mwanamke mgeni huwekwa kwenye mizani, alilijua hilo. Pengine wenye landhi walimpenda Cheptanui na hawakutaka mwingine. Basi safari hii hakumwambia mtu, hata mumewe. Alikwenda kwa Balwant, seremala Kalasinga aliyetengeneza mabehewa, akamwomba amchongee farasi mdogo kutoka kwenye kipande cha mbao kilichobaki. Balwant alikubali. Alipokuwa akimkabidhi alisema ametia mafuta ya kitani ili mtoto asichomwe na vibanzi. Ilikuwa asubuhi ya upepo mkali. Mji mzima ulikuwa mweupe, mabati, miti, kope za watu. Nabalayo alitembea akiwa amefumba jicho moja, farasi wa mbao amemkumbatia kifuani.

Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kama alivyouacha. Ndani, Jeruto alikuwa amepiga magoti mbele ya benchi. Juu ya benchi palikuwa na farasi wa udongo.

Nabalayo alimweka wa mbao kando, akamshika huyo, na vidole vyake vikazama. Udongo ulikuwa mbichi, mweusi, baridi kama kitu kilichotolewa chini ya maji sasa hivi, na ulinuka ziwa: ile harufu ya chumvi na manyoya ya ndege ambayo watu wa Nakuru walikuwa karibu kuisahau. Ziwa lilikuwa limepasuka vipande vipande. Mahali pa karibu penye tope, kama palikuwapo, ni katikati kabisa ya ule uwanda, mwendo ambao mtu mzima angeuanza asubuhi na kurudi jioni.

"Jeruto, ulitoka nje?"

"Sikutoka."

"Nani aliingia?"

"Hakuingia," mtoto alisema. "Alikuwa hapa."

Nabalayo aliangalia sakafuni. Vumbi la magadi lilikuwa limepita chini ya mlango na kutandaza kitu kama kitambaa chembamba juu ya saruji, na juu yake palikuwa na nyayo za watu wawili tu: ndogo za Jeruto, kutoka kitandani mpaka kwenye benchi, na zake mwenyewe, kutoka mlangoni mpaka aliposimama.

Ogola alirudi kutoka kazini na masizi ya injini usoni. Alimchukua yule farasi wa udongo apate kumtazama kwa mwangaza wa mlangoni, akitaka kucheka. Kisha hakucheka. Ubavuni mwa farasi palikuwa na alama ya kidole gumba, imebonyezwa wazi, na katikati ya alama hiyo ulipita mstari ulionyooka kama uzi.

"Alijikata na mundu," alisema. "Kabla sijamwoa. Kidole kikapona hivyo." Alimrudisha farasi kwenye benchi taratibu, akatoka nje kwenye mfereji, akanawa mikono, akanawa tena, na tena.

Kutoka siku hiyo Nabalayo aliishi kwa kusikiliza. Hakuna kilichovunjika, hakuna aliyepiga kelele. Lakini akiwa anachambua mchele alihisi kwamba kuna mtu anayesubiri amalize. Alipomchana Jeruto nywele, mtoto aligeuza kichwa upande wa pili kabla ya kuambiwa, kana kwamba mkono mwingine ulikuwa umemwelekeza. Na wivu ukaja, jambo ambalo halikumpendeza. Angeweza kushindana na jirani. Angeweza kushindana hata na mwanamke mwingine wa mumewe, kama angekuwapo. Lakini huyu hakuwa na jasho wala njaa, hakumkosea mtoto wala kumkemea, na zawadi zake ziliingia ndani bila kupitia mlangoni.

Alasiri moja, Jeruto akiwa amelala, Nabalayo alimchukua yule farasi wa udongo. Siku zilikuwa zimepita na jua la Nakuru lilikuwa likikausha hata maji kwenye mitungi, lakini yeye alikuwa bado mbichi. Alikusudia kumtupa kwenye majivu nyuma ya landhi. Alifika mlangoni. Mkono wake ulikuwa juu ya komeo aliposikia nyuma yake sauti ya ulimi ukipigwa kwenye kaakaa, mara mbili, taratibu, ile sauti ambayo Jeruto huitoa anapowaita farasi wake wa makaa ukutani.

Aligeuka. Mtoto alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Chumbani hapakuwa na mtu.

Sauti haikuwa ya hasira. Ndiyo iliyomtisha zaidi: ilikuwa sauti ya kumtuliza mnyama aliyeshtuka. Nabalayo alielewa kwamba mnyama huyo ni yeye. Alimrudisha farasi mahali pake.

Alipomweleza mumewe, Ogola hakubisha. Jioni ile ile, jua likiwa bado linaumulika ukingo wa mlima Menengai, alilikokota kutoka chini ya kitanda sanduku la bati lililokuwa na nguo za Cheptanui. Mama Peterson alikuwa amemshauri hivyo: nguo za marehemu zikibaki ndani, naye hubaki. Alilitoa uani, akaleta chupa ya mafuta ya taa.

Jeruto alisimama pembeni. Hakulia. Alikuwa amemkumbatia farasi wa nyasi na pumzi zake zilikuwa fupi fupi.

"Baba Jeruto, ngoja," Nabalayo alisema.

"Ningoje nini? Ni wewe usiyelala."

"Ni mimi, ndiyo. Weka chupa chini."

"Nabalayo, mimi nilimpenda huyu mtu. Unafikiri napenda kufanya hivi?"

"Ndiyo sababu nasema ngoja." Alikaa juu ya kifuniko cha sanduku kwa uzito wake wote, kama mwanamke anayekaa juu ya mzigo stesheni. "Ukichoma, mtoto atakumbuka nani alisimama hapa anaangalia. Mimi sitaki kuwa huyo mtu."

Ogola alibaki na chupa mkononi. Mwishowe aliirudisha jikoni.

Kesho yake mume alipokwenda kazini na mtoto alipokwenda kucheza kwa Mama Peterson, Nabalayo alilifungua sanduku. Palikuwa na vitu vichache. Shuka, shanga za kwao Cheptanui, na gauni moja zito la rangi ya kahawia, limechakaa kwenye viwiko. Alilipeleka puani. Moshi wa kuni, na chini yake, hafifu, harufu ya mnyama.

Akaongea, peke yake mchana kweupe, na sauti yake ikamshangaza kwa udogo wake.

"Mwenzangu," alisema, "mimi sijui farasi. Sijawahi kumgusa hata mmoja. Nimenunua wa bati, nimechongesha wa mbao, na wewe umeona. Mtoto huyu sikuja kukunyang'anya. Nilikuja kwa sababu sina wangu. Nataka kumshonea mmoja kutoka hapa kwako, lakini sitakata kama hutaki. Ukitaka, nisaidie kuchagua."

Alisubiri. Upepo ulikuwa umetulia nje, na kwa mara ya kwanza tangu afike mjini alisikia mbali, kule bondeni, vyuma vya mabehewa vikigongana. Hakuna kilichomjibu. Akachukua mkasi, akakata.

Alishona siku kadhaa, kila mtoto alipokuwa nje. Mwili ulikuwa mgumu. Tumbo likatoka kubwa, akalifumua. Alijaza pamba ya godoro kuukuu. Kichwa kilimshinda kabisa. Farasi wake alikuwa na uso wa mbuzi. Alishona masikio yakalala kando, akaona ni vibaya, lakini maji yalikuwa yamekwisha, basi akaacha kazi juu ya kitanda na kwenda mferejini na ndoo.

Aliporudi, masikio yalikuwa yamesimama.

Alitua ndoo. Uzi wake ulikuwa umefumuliwa na kuwekwa kando, umezungushwa vizuri kama afanyavyo mshonaji yeyote asiyependa kupoteza uzi. Masikio yalikuwa yameshonwa upya, yamepinda mbele kidogo, kama ya mnyama anayesikiliza mtu anayemjua. Nabalayo aliinama akaangalia mishono. Yake ililala kulia, kama alivyofundishwa na masista. Hii ililala kushoto.

Alitaka kukimbia, na angeweza. Mlango ulikuwa wazi, Mama Peterson alikuwa akiimba nje. Badala yake alikaa kitandani, akavuta pumzi, akatia uzi mpya kwenye sindano. Kisha, kwa kuwa ilionekana ndiyo heshima, alitia uzi kwenye sindano ya pili na kuiweka upande wa pili wa kitanda.

Hakutazama huko alipokuwa akishona. Alisikia tu, mara moja moja, kitambaa kikivutwa.

Walimaliza kabla ya Jumapili. Nabalayo alimpa Jeruto baada ya chai, bila maneno mengi. Mtoto alimpokea, akamwangalia machoni yule farasi wa kahawia, akazamisha uso wake shingoni mwake na kukaa hivyo kwa muda mrefu hata Ogola akasimama kutoka kitini.

"Mmemshona wawili," Jeruto alisema, uso ukiwa bado humo.

Ogola alimtazama mkewe. Nabalayo alitikisa kichwa kukubali.

Usiku ule mtoto alilala na farasi kifuani. Asubuhi yule wa udongo alikuwa amekauka na kupasuka kama sakafu ya ziwa, na walipomgusa akamumunyuka, wakamzoa kwa ufagio. Hakuna farasi mwingine aliyekuja. Siku chache baadaye Jeruto, badala ya kuja kusimama mbele yake kimya, aliita kutoka uani, "Mama mdogo! Chai inamwagika!" Nabalayo alikimbia kwenye jiko, chai ikamwagika yote, na hakujali.

Miezi ilipita, mvua zikarudi, ndege wekundu wakaanza kuonekana tena ziwani. Siku ya resi, Ogola alipata ruhusa kazini akawachukua wote wawili mpaka uwanja wa mashindano ya farasi. Watu weusi kama wao hawakuruhusiwa kuingia penye viti, lakini nyuma, karibu na mazizi, palikuwa na ua wa mbao na gogo la kukalia, na masaisi hawakumfukuza mtoto.

Jeruto aliona farasi wa kweli kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakupiga kelele. Alisogea hadi kwenye ua akasimama wima, mikono nyuma, kama mtu aliyefika kanisani. Nabalayo na mumewe walikaa kwenye gogo.

Farasi jike wa kijivu aliletwa akitoka jasho, akitupa kichwa, saisi akiwa ananing'inia kwenye hatamu. Alipofika mbele ya Jeruto alitulia ghafla. Saisi alivuta, hakwenda. Aliinamisha kichwa polepole juu ya ua, lakini si kwa mtoto. Alikiinamisha upande wa kushoto wa mtoto, kwenye hewa, urefu wa bega la mwanamke, akafumba macho. Na singa zake za shingoni, siku isiyo na upepo, zikaanza kulala upande mmoja, zikainuka, zikalala tena, kama vile zinapitishwa vidole.

Saisi aliacha kuvuta. Alivua kofia bila kujua amevua.

Jeruto aliinua mkono, akaugusa uso wa farasi, akacheka. Kisha aligeuka na kurudi mbio kwenye gogo akae na wazazi wake. Nabalayo alisogea kumpisha, halafu akasogea zaidi, mpaka akambana mumewe mwishoni kabisa mwa gogo.

"Unanisukuma wapi? Nafasi inatosha mtoto," Ogola alisema.

"Sogea tu."

Alisogea. Walikaa hivyo mpaka resi zikaisha, Jeruto katikati akirusha miguu, na upande wake wa pili nafasi tupu ya mtu mmoja. Walipoinuka kwenda nyumbani, Nabalayo aliweka kiganja pale kwenye gogo. Palikuwa na joto.